Neno la Kiingereza unalolijua ndilo litakalokudanganya: jinsi ya kupata maana ya zamani bila kuchemka

Kila wiki kuna mtu ananitumia meseji, swali ni lile lile limebadilisha nguo tu. Eti "nice" zamani ilikuwa mjinga, ni kweli? Mbona kwenye King James, ile Biblia ya Kiingereza cha zamani, Yesu anasema watoto wateseke? Hiyo "charger" ya Herode ilichomekwa wapi na umeme haukuwepo? Nimejibu mpaka kidole gumba kimeota sugu, kwa hiyo leo naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Mi si profesa. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza jioni, na Jumapili wakija wageni natafsiri mahubiri. Na haya mambo niliyaingia kwa aibu. Siku hiyo mhubiri mgeni akasoma Waebrania 4:12, "the word of God is quick, and powerful", mimi na maiki yangu bila kupepesa macho nikasema Neno la Mungu ni la haraka tena lina nguvu. Watu wakaitikia amina. Baada ya ibada mzee mmoja akanisubiri mlangoni na Biblia yake iliyofungwa na rababendi, akaifungua akaweka kidole kwenye mstari: "Maana Neno la Mungu li hai". Akaniuliza, mwanangu, hiyo haraka umeitoa wapi? Sikuwa na jibu. "Quick" naijua toka darasa la tatu, ningeendaje kuiangalia kwenye kamusi?

Hapo ndo shida yote ilipo. Neno usilolijua halina madhara, unakwama, unatafuta, unaelewa. Neno unalolijua linapita getini kama mwenyeji, mlinzi hata haamki.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kamusi ya leo ya Kiingereza, ile unayotumia shuleni au kwenye simu inatosha.
- Kamusi ya zamani. Ya kwanza kwangu ni Webster ya mwaka 1828, ipo mtandaoni bure na inabeba maana nyingi za Biblia ya King James. Ya Samuel Johnson ya 1755 nayo ipo bure ila kuisoma kunataka moyo.
- Etymonline, nayo bure, haili bando. Inakwambia neno lilitoka lugha gani na lilibadilika karne gani.
- Kama una kadi ya maktaba ya chuo, uliza kama wanalipia Oxford English Dictionary. Hii ndo baba lao, ilianza kutoka vipande vipande 1884 ikakamilika 1928, na kila neno limepangwa kwa umri wa maana zake, na mfano wenye mwaka chini ya kila maana. Kama huna usijali, hivyo vingine vinatosha kwa asilimia kubwa ya kazi.
- Biblia ya Kiswahili ya Union, ile ya 1952. Hata kama wewe si Mkristo kuwa nayo, ni chombo cha kazi, nitaeleza.
- Kama unasoma Shakespeare, tafsiri za Mwalimu Nyerere, ya Julius Caesar na ya The Merchant of Venice.
- Daftari. La karatasi. Sikatazi simu ila kwenye simu utaishia WhatsApp.

Neno moja lisikuchukue zaidi ya dakika kumi. Likizidi hapo liwekee alama uendelee na mengine.

Hatua zenyewe

1. Jua mwaka wa maneno, sio mwaka wa karatasi.

Kabla ya yote jiulize haya maneno yaliandikwa lini. King James ilitoka 1611. Nakala nyingi tulizonazo zinafuata tahajia iliyosafishwa 1769, ndo maana inaonekana inasomeka kirahisi, lakini maneno ni yale yale ya 1611 na mengine ya nyuma zaidi, manake watafsiri wale walichukua mengi kutoka kwa William Tyndale ambaye Agano Jipya lake lilichapwa 1526. Shakespeare alikufa 1616. Kwa hiyo ukikutana na hawa wawili washa taa nyekundu kwa kila neno.

Kosa la wengi ni kuangalia tarehe ya kuchapwa. Shangazi yangu alipewa karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia kiwanja, imechapwa wiki ile ile na printa ya wino, imeanza na "Know all men by these presents". Akanipigia simu kuuliza hizo zawadi zinatolewa na nani na yeye atapata ngapi. "Presents" hapo ni maandishi haya yaliyopo mbele yako, na "men" ni watu wote, akina mama wamo. Wanasheria wanarithishana fomu kama sufuria ya bibi, mpini umebadilishwa mara tatu lakini sufuria ni ile ile. Humo humo ukikuta mtu amekufa "without issue" haina maana alikufa bila tatizo, alikufa hana mtoto.

2. Soma sentensi ukisikiliza panapokwaruza.

Soma kwa sauti, taratibu. Ukiona maana inatoka ya kuchekesha, au sarufi imekaa vibaya, hapo pana kitu. Yeremia 24:2 kwenye King James kuna kikapu cha "very naughty figs". Tini watundu sana. Tini zinafanyaje utundu? Hapo pamekwaruza. Warumi 1:13 Paulo anasema alitaka kuja Roma mara nyingi "but was let hitherto". Kama aliruhusiwa si angeenda? Pamekwaruza.

Tatizo kuna mengine hayakwaruzi kabisa, yanateleza kama bamia. Ile "quick" yangu ilinipitia hivyo, Neno la haraka linaleta maana kabisa, ubaya ni kwamba siyo maana yake. Hayo dawa yake ni kuyajua kwa majina, wale wahalifu sugu. Orodha yangu fupi nayowapa wanafunzi ni: quick, let, prevent, suffer, conversation, charity, meat, corn, ghost, presently, by and by, fond, naughty, silly, nice, knave, villain, doom, wife, starve. Ukiliona mojawapo kwenye maandishi ya kabla ya 1700, lisimamishe ulikague hata kama linacheka na wewe.

3. Funika neno kwa kidole, ujaze kwa Kiswahili.

Najua inaonekana ya kitoto ila fanya. Funika "let" pale Warumi. "Nilikusudia kuja kwenu mara nyingi lakini ni____ mpaka sasa." Kila ninayempa hii anajaza "nikazuiwa". Hajaenda hata kwenye kamusi! Kichwa chako kikiachwa bila lile neno la Kiingereza kinajua cha kufanya, neno ndo lilikuwa linakipotosha.

Usijaze kwa Kiingereza, ukijaza kwa Kiingereza utarudi kwenye neno lile lile au pacha wake.

4. Nenda kwenye tafsiri ya Kiswahili.

Hii hatua sijaona watu wanaifundisha na ndo silaha yetu. Mwingereza wa leo akisoma King James anasoma lugha yake mwenyewe kwa hiyo anadanganyika vizuri zaidi yako. Wewe una Biblia ambayo watafsiri wake hawakubeba neno la Kiingereza, walibeba maana. Kwa hiyo linganisha mstari kwa mstari:

"Suffer the little children to come unto me", Marko 10:14. Kiswahili: waacheni watoto wadogo waje kwangu. Kumbe "suffer" ni kuacha, kuruhusu. Hakuna mtoto aliyeteswa.

"Prevent" ya 1 Wathesalonike 4:15, walio hai "shall not prevent them which are asleep". Kiswahili: hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti. Ni kutangulia. Ukichambua neno lenyewe "pre" ni mbele na "vent" ni kuja, kwa Kilatini, kuja mbele ya mtu. Na ukimtangulia mtu mlangoni ukasimama, umeshamzuia, ndo maana ya leo ilivyozaliwa.

"Conversation" ya 1 Petro 3 ni mwenendo, sio maongezi. Mke anayesifiwa pale hasifiwi kwa kupiga stori.

"Meat" ya Mwanzo 1:29, Mungu anawapa miche na matunda iwe "for meat". Kiswahili: chakula. Sio nyama, na ukiifanya nyama mstari mzima unageuka kituko manake ni majani yale. "Corn" ya Misri waliyoifuata ndugu zake Yusufu, Kiswahili: nafaka. Mahindi yalitoka Amerika, hayakuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492, Farao hakuwahi kula ugali wa sembe hata siku moja.

Na zile tini watundu? Tini mbovu sana. "Naughty" imetoka kwenye "naught", yaani si kitu, kisichofaa. Kwa hiyo Julius Caesar inapofungua, yule mtu akiitwa "thou naughty knave" sio anatekenywa kama mtoto, anaambiwa hafai.

Tahadhari kubwa hapa: tafsiri nayo ina mwaka wake. Nyerere alitoa Kaizari 1963 akaipitia upya 1969, na ile nyingine akaiita Mabepari wa Venisi, 1969 hiyo hiyo. Kwa Shakespeare "merchant" ni mmoja, ni mfanyabiashara wa kawaida tu, hana kosa. Hayo "mabepari", tena wengi, ni Tanzania miaka miwili baada ya Azimio la Arusha inayoongea. Ni tafsiri tamu sana ila usiichukue ukasema basi "merchant" zamani ilimaanisha bepari. Kiswahili kikupe njia, ushahidi ukautafute hatua ya tano.

5. Sasa fungua kamusi ya zamani.

Webster ya 1828, andika "prevent". Utakuta humo "to go before". Umepata shahidi. Ukiwa Etymonline soma mpaka mwisho wa aya, watu wanasoma mstari wa kwanza wanakimbia kupost. Unachotafuta ni karne: hii maana ilikuwa inatumika wakati maandishi yangu yanaandikwa?

Hiki kipengele ndo kinachopima "nice". Ndiyo, ni kweli, kwa asili ni Kilatini "nescius", asiyejua, ikapita Kifaransa cha zamani ikaingia Kiingereza karibu mwaka 1300 ikiwa na maana ya mjinga, mpumbavu. Lakini haikukaa hapo, ikawa mtu wa kuchagua sana, ikawa kitu cha kuchambuliwa kwa makini, ndo karne ya 18 ikaanza kuwa hii nzuri tunayoijua. Kwa hiyo ukikuta barua ya mkoloni wa 1900 ameandika "a nice distinction", hapo sio tofauti nzuri wala tofauti ya kijinga, ni tofauti ndogo inayotaka jicho kali. Neno moja, vituo vinne, na wewe unashuka kwenye kituo cha mwaka wa maandishi yako, sio cha mwanzo wa safari.

Kosa lingine la hapa ni mpangilio wa kamusi. Merriam-Webster wanapanga maana kwa historia, ya kwanza ndo kongwe. Kamusi za wanafunzi zinapanga kwa matumizi, ya kwanza ndo inayosikika sana leo. Nimeona mtu anabishana saa nzima akionyesha skrinishoti ya maana namba moja bila kujua namba moja ya nani. Na angalia vibandiko: "obsolete" ni maana iliyokwisha kufa, kwenye Oxford kubwa ina alama ya kijimsalaba mbele. "Archaic" ni mzee anayeonekana kwenye sherehe tu, hajafa.

6. Tafuta masalia.

Hii naipenda kuliko zote. Maana ya zamani ikifa barabarani mara nyingi huwa inabaki imejificha ndani ya neno lingine, na ukiipata hapo hutaisahau tena.

"Quick" ya uhai ipo kwenye kucha yako. Ile nyama laini chini ya ukucha, ukikata ikaguswa unaruka, Waingereza wanaiita "the quick", sehemu iliyo hai. Ipo pia kwenye zebaki, "quicksilver", fedha iliyo hai, manake ukiimwaga mezani inakimbia kama mdudu.

"Let" ya kuzuia ipo kwenye tenisi, mpira wa kuanzisha ukigusa wavu ukaangukia ndani wanaita "let", unarudiwa. Ipo pia kwenye pasipoti ya Uingereza, "without let or hindrance", bila kuzuiwa, na nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza zimerithi maneno hayo. Kama una pasipoti fungua ukurasa wa mwanzo uangalie yako.

"Meat" ya chakula ipo kwenye "sweetmeat", ambayo ni peremende na vitu vitamu, hakuna nyama. "Wife" ya mwanamke yeyote ipo kwa mkunga, "midwife", na "mid" hapo ni pamoja na: aliye pamoja na mwanamke. Kwa hiyo mkunga mwanaume bado ni "midwife" na hakuna kosa. "Corn" ya punje yoyote ipo kwenye kopo la corned beef, ni punje za chumvi walizokuwa wanahifadhia nyama. Siku niliposema hivyo darasani kijana mmoja akasema yeye amekuwa akitafuta mahindi humo toka utoto.

Na "broadcast", wale wenye shamba mtafurahi. Kabla ya redio ilikuwa ni kurusha mbegu kwa mkono zisambae shamba zima. Bwana shamba akikwambia mbolea fanya "broadcasting" hajakosea neno la redio, redio ndo iliyoazima kwake.

7. Rudisha maana kwenye sentensi, halafu ijaribu kwenye sentensi ya pili.

Maana ikikaa vizuri sehemu moja inaweza kuwa bahati. Chukua "let" ya kuzuia uipeleke kwa Hamlet, anaposhikwa na wenzake asimfuate mzimu wa baba yake anasema "I'll make a ghost of him that lets me". Atakayenizuia namfanya mzimu. Imekaa. Sehemu mbili, basi funga faili.

8. Andika kwenye daftari.

Neno, sentensi nzima, mwaka, maana ya leo, maana ya hapo, na salia moja. Sentensi nzima tafadhali, ukiandika neno peke yake wiki ijayo hutakumbuka lilikuwa linafanya nini.

Tufanye moja pamoja

Marko 6:25, binti wa Herodia anamwambia mfalme: "I will that thou give me by and by in a charger the head of John the Baptist."

Mwaka, 1611. Panapokwaruza, "charger" bila shaka. Ila ukifunika maneno moja moja utaona kuna mitego mitatu. Kiswahili kinasema: nataka unipe sasa hivi katika kombe kichwa cha Yohana Mbatizaji.

Anza na "will". Sio wakati ujao, ni nataka. Salia lake ni "will" ya wosia, matakwa ya marehemu.

"By and by" leo ni baadaye baadaye huko, kwa King James ni sasa hivi. Imegeukaje? Uvivu wa binadamu. Mtu anasema nafanya mara moja halafu hafanyi, neno linachoka. "Presently" imepita njia hiyo hiyo, kwenye Mathayo 21:19 mtini ulinyauka "presently" na Kiswahili kinasema mara. "Soon" nayo zamani ilikuwa papo hapo. Tusiwacheke, manake sisi tukiambiwa "nakuja sasa hivi" tunajua kabisa mtu hajaoga. Binti wa Herodia angeongea Kiswahili cha leo Yohana angeishi mpaka jioni.

"Charger" ni sinia, sahani kubwa ya kubebea nyama. Shina lake "charge" ni kupakia mzigo, sahani inapakiwa nyama, bunduki inapakiwa baruti, simu inapakiwa moto. Ukoo mmoja. Salia? Nenda kwenye harusi yoyote ya ukumbini mjini, ile sahani kubwa ya dhahabu inayokaa chini ya sahani ya chakula, watu wa mapambo wanaiita charger plate. Iko mbele ya macho yako kila Jumamosi.

Na tusiondoke kabla hatujaangalia upande wa kwetu. "Kombe" pale ni sahani kubwa ya kupakulia, watu wa pwani wanalijua. Mtoto wa mjini akilisikia anaona Kombe la Dunia, kichwa cha Yohana ndani ya kombe la ubingwa. Kwa hiyo watafsiri wametuokoa kwenye mtego mmoja wakatuachia mwingine, siyo kosa lao, Kiswahili nacho kinatembea.

Makosa yanayonikera

La kwanza, kudhani maana ya zamani ndo "maana halisi". Umemwambia dada wa watu "you look nice", anatokea mjuaji anasema umemtukana. Mshahara umetoka kwenye Kiarabu, "shahr", mwezi. Basi kibarua anayelipwa kwa wiki tumwambie hana mshahara? Neno ni mali ya wanaolitumia leo, ya zamani tunaitafuta ili tuelewe watu wa zamani, basi.

La pili, hadithi za WhatsApp. Eti "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia. Uongo, ni "new" ikiwa nyingi, mambo mapya. Eti "tip" ya mhudumu ni kifupi cha maneno matatu. Uongo. Eti "posh" ni vyumba vya meli ya kwenda India. Hakuna ushahidi. Ukiambiwa neno la zamani ni kifupi cha herufi, kataa kwanza halafu ndo ukachunguze, manake tabia ya kutengeneza maneno kwa herufi za kwanza imeshamiri karne ya 20, huko nyuma ilikuwa nadra sana.

Ukikwama

Kamusi ya zamani ina maana mbili na zote zinakaa. Hutokea. Peleka zote mbili kwenye sentensi ya pili ya mwandishi huyo huyo, mara nyingi moja inakataa. Zikikaa zote huko nako, andika zote, Shakespeare hasa anapenda kucheza na mbili kwa mpigo.

Maana ya leo na ya zamani ni kinyume kabisa, inakuwaje? Kagua kama ni neno moja kweli. "Let" ya kuruhusu na "let" ya kuzuia zilikuwa maneno mawili tofauti kwenye Kiingereza cha kale, yakafanana sauti na mwisho moja likaliua lingine. Sio neno lililogeuka, ni majirani wawili waliokuwa na jina moja.

Mtihani je? Swali likitaja kazi ya Shakespeare jibu kwa maana ya pale kwenye mstari. Swali la msamiati wa kawaida jibu la leo, msahihishaji hana muda wa 1611.

Nimekwama kwenye "thou" na "ye", sio maneno mengine. Hii kwetu ni rahisi kuliko kwao: "thou" na "thee" ni wewe, "ye" ni ninyi, na "you" ya King James ni ninyi pia. Angalia Luka 22:31-32, Yesu anamwambia Simoni Shetani "hath desired to have you", halafu "I have prayed for thee". Mwingereza wa leo ana "you" moja tu, asipofafanuliwa anaona Simoni ndo anatakiwa peke yake. Kiswahili: Shetani amewataka ninyi, lakini nimekuombea wewe. Wanatafutwa wote, kaombewa mmoja.

Natafsiri mubashara, sina muda wa hatua nane. Omba mistari siku moja kabla. Mhubiri akikataa au akibadilisha pale pale, usitafsiri mstari, fungua Biblia ya Kiswahili usome. Mi siku hizi napanda na ile ya Union kwapani, na yule mzee anakaa benchi la mbele.